Sloti Tatu Tupu

 

Jumamosi iliyopita, jua halijapanda bado, mama jirani yangu alipiga hodi. Ni mama wa kutoka Kivu, anauza maharage sokoni hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi nchini Malawi, na kifungua mimba wake ameanza masomo ambayo kazi zake zote huandikwa na kutumwa kwa kompyuta. Alikaa kwenye kigoda, akafungua fundo kwenye ncha ya chitenje, akatoa noti za kwacha zilizokunjwa mpaka zikawa nyembamba kama vijiti vya kiberiti. Akazihesabu moja moja mbele yangu, akazirudisha, akakaza fundo. Kisha akaniuliza: "Papa, nataka kompyuta ya mtoto. Nzuri ni ipi?"

Nikamjibu: "Mama, nzuri ni ile ambayo ndani ina nafasi tupu."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa anunue gunia, maharage asiyaulizie. Akasema, "Papa, mimi natafuta iliyojaa, wewe unanipa tupu?" Swali lake ni la haki, na nimelibeba wiki nzima. Jioni hii nataka kulijibu vizuri kuliko nilivyolijibu siku ile, maana najua hayuko peke yake.

Kompyuta ukiifungua unakuta vitu saba au vinane vilivyoshikamana kwa nyaya na skrubu ndani ya kasha la bati. Kuna mazabodi, ule ubao mpana unaobeba vingine vyote. Kuna prosesa, ndiyo inayofanya hesabu. Kuna RAM, ambayo ni kama meza: kila unachokifanya sasa hivi kimetandazwa juu yake, na umeme ukikatika meza inafagiliwa yote. Kuna diski, ghala linalotunza vitu hata umeme usipokuwapo. Na kuna pawa saplai, kisanduku kinachopokea volti 230 za ukutani na kuzigeuza kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3 zinazoliwa ndani. Anayenunua kompyuta iliyotumika huuliza ina kasi gani. Mimi nataka aulize pia: sloti ngapi za RAM zimebaki wazi? Diski ya pili ina pa kuingia? Pawa saplai yake nikiikosa hapa, fundi wa pale ng'ambo ya soko anayo?

Nasema hivyo kwa sababu ya jinsi fedha zetu zinavyokuja. Hapa kambini ni wachache wanaopokea mshahara mwisho wa mwezi. Fedha inadondoka: leo faida ya maharage, kesho ndugu aliye Australia katuma kidogo, keshokutwa umeshona suruali mbili. Na kwacha haikusubiri. Neno hilo la Kichewa ni ndugu wa kumekucha yetu, jina zuri la fedha ya nchi iliyokuwa inaamka. Lakini Novemba 2023 thamani yake ilipunguzwa, dola iliyokuwa kwacha 1,180 hivi ikapanda hadi 1,700, asilimia 44 juu, na kila kinachotoka nje kikapanda nayo. Kompyuta zote hutoka nje. Nawajua waliokuwa wakidunduliza wanunue mashini kamili kwa mkupuo mmoja, wakafika dukani wakakuta bei imeshatangulia. Mwenye fedha ya matone anahitaji kitu kinachokubali kujengwa kwa matone. Nunua leo mifupa mizuri. Nyama utaiongeza mwezi hadi mwezi.

Halafu kuna njia. Kutoka hapa hadi Lilongwe ni kilometa 40 na kitu, mwendo mfupi kwa gari na mrefu kwa mkimbizi. Sheria inatutaka tuishi ndani ya kambi hii, iliyofunguliwa 1994 mahali palipokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda, ikakusudiwa watu elfu 10 au 12, na leo imebeba zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, maduka mengi ya ndugu zetu yalifungwa. Kwa hiyo kwenda mjini kutafuta kifaa kimoja kilichoungua ni ruhusa, ni nauli, ni siku nzima imekwenda. Kifaa ambacho fundi wa hapa sokoni hana kwenye droo yake, kwetu ni kama hakikutengenezwa.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuumia. Mashini yangu ya kwanza niliinunua mjini, kwa muuzaji ambaye sina haja ya kumtaja. Ilikuwa nyembamba, safi, imelala mezani kama Biblia kubwa, na usoni ina kibandiko cha Core i7. Kijana aliyeniuzia alikuwa mpole. "Achimwene, hii ni i7," akaniambia, kwa heshima ile ya Wamalawi ya kumwita mtu ndugu, nami nikalipa. Nyumbani nikafungua ukurasa wa taarifa za mashini, ikasomeka i3. Kibandiko ni karatasi, msikilizaji. Kinabanduliwa kwenye kasha hili kikabandikwa kwenye lile. Hilo ningelisamehe, maana i3 inaandika barua sawasawa. Kilichoniumiza kilikuja miezi mitatu baadaye. Magetsi, yaani umeme, yalizimika saa moja usiku, yakarudi kwa nguvu, taa ikawaka kupita kiasi kisha ikatulia, na nyuma ya mashini nikasikia tak, halafu harufu ya plastiki inayoungua. Pawa saplai imekwenda. Jambo dogo, nikafikiri. Nikafungua kasha. Kile kisanduku kilikuwa kirefu na chembamba, kimetengenezwa kwa ajili ya kasha lile tu, na plagi yake kwenye mazabodi haikuwa ile ya kawaida yenye pini 24. Ilikuwa na pini 6. Fundi wa kwanza akatikisa kichwa. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, mjini, alisema inaweza kuagizwa, akataja bei iliyozidi nusu ya niliyonunulia mashini yote. Ikakaa chini ya kitanda miezi minane. Prosesa nzima, RAM nzima, diski nzima, vyote vimekaa gizani kwa sababu ya kisanduku kimoja kisicho na mwenzake.

Tangu siku ile, nikiletewa kompyuta ya mezani ninaigeuza kwanza, naangalia mgongo wake. Pawa saplai ya kawaida, ile ya kipimo cha ATX kilichowekwa na Intel mwaka 1995, mgongo wake ni sentimita 15 kwa 8.6, na imeshikwa kwa skrubu nne. Ukiiona hiyo, moyo wako utulie, kwa sababu visanduku vya namna hiyo vimejaa: vinatoka kwenye kompyuta zilizokufa za maofisi, za shule, za makanisa, na kimoja kinaingia mahali pa kingine. Makasha ya kusimama, yale mapana kidogo, mara nyingi ndiyo yanayoipokea. Yale membamba sana ya kulala, mara nyingi hapana. Na hata kwenye kasha la kusimama, fungua uone plagi kwa macho. Chukua mfano wa Dell OptiPlex, ambazo zimeenea Afrika yote kwa sababu maofisi ya Ulaya na Marekani yalizinunua kwa maelfu. OptiPlex 7010 ya 2012, ile ya kusimama, ina plagi ya kawaida ya pini 24. Mdogo wake wa mwaka uliofuata, 9020, ana pini 8 za kwake mwenyewe, na utahitaji kipande cha waya cha kubadilishia. Kwa nje zinafanana kama pacha.

Hapo hapo mgongoni, tafuta kiswichi chekundu. Si kila pawa saplai inacho, ila inayonacho inaweza kukuliza. Marekani umeme wao ni volti 120, na mashini nyingi za mitumba zimetumika huko kabla ya kuvuka bahari. Kiswichi kikisoma 115 nawe ukachomeka kwenye 230 ya hapa, utasikia mlipuko na hela yako imeishia hapo. Kisukume kwa ncha ya kalamu mpaka kisomeke 230, ndipo uchomeke. Kama hakipo, soma karatasi iliyobandikwa kwenye kisanduku: ikiandikwa 100 hadi 240, inajirekebisha yenyewe. Na usivutiwe na maandishi makubwa ya wati 500 kwenye kisanduku kipya cha bei ya chini. Kipime kwa mkono. Chenye shaba na chuma cha kutosha ndani kina uzito; chepesi kama kopo tupu kirudishe. Kompyuta ya nyumbani isiyo ya michezo, ukiwa unaandika tu, hula kama wati 30 hadi 60, na monita ya inchi 19 wati 20 hivi. Kisanduku cha kweli cha wati 250 kinakutosha na kubaki.

Sasa RAM, maana ndiyo iliyonitoa kauli ile ya nafasi tupu. RAM huja kwa vijiti vinavyopachikwa kwenye sloti, na vijiti vina vizazi. Kijiti cha DDR3 kina pini 240, cha DDR4 kina 288, na kila kimoja kina pengo lake mahali tofauti, kusudi usikosee. Mtu akikukazia kijiti kwa nguvu mpaka ubao unapinda, mzuie, hakikutengenezewa hapo. DDR4 ilianza kuuzwa 2014, kwa hiyo dunia inaiona DDR3 kama mzee aliyestaafu. Kwetu hajastaafu. Mafundi wa hapa wana vijiti vya DDR3 kwenye madroo, vimetoka kwenye mashini zilizokufa, navyo hupatikana kwa bei ambayo mama wa maharage anaweza kuizungumza. Sikatai kizazi kipya ni bora. Lakini mashini ya DDR3 yenye sloti nne, moja ina kijiti na tatu zimekaa wazi, naichagua kabla ya mashini mpya zaidi yenye RAM iliyochomelewa kwenye ubao wala haiongezeki milele.

Na ukiwa na sloti mbili tu, kuna jambo watu wengi hukosea. Muuzaji anakwambia: nina GB 8, vijiti viwili vya 4. Mwingine ana GB 8 hizo hizo kwenye kijiti kimoja. Viwili vikienda pamoja vinaongeza kasi kidogo, ni kweli. Lakini siku ukitaka kufika 16, mwenye kijiti kimoja ananunua kimoja, mwenye viwili anavitoa vyote na kuanza upya. Kwa fedha ya matone, chukua kimoja. Niongeze kwamba tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM mpya imepanda duniani kote, kwa sababu viwanda vinazikimbiza kwenye majumba makubwa ya kompyuta za akili mnemba. Wimbi hilo linafika hata hapa. Kama una kijiti kizuri nyumbani usichokitumia, usikitoe kwa bei ya karanga.

Lakini kama unayo fedha ya kifaa kimoja tu, na mashini tayari inawaka na ina GB 4, usinunue RAM kwanza. Nunua SSD. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, nyingi mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachokimbia huku na huku juu yake kutafuta faili, kama karani mmoja mwenye kabati elfu. SSD haina kinachozunguka. Tofauti yake huhitaji kuambiwa: mashini iliyokuwa ikiwaka huku unachemsha chai, inawaka kabla hujaweka sukari. SSD ya kawaida ya SATA, ile iitwayo ya inchi 2.5, inaingia kwenye kompyuta ya mezani ya miaka 15 iliyopita, inaingia kwenye laptopu nyingi, na ukinunua mashini nyingine kesho inahama nawe. Kwangu hicho ndicho kifaa bora kwa maskini, kwa sababu hakifungwi na mashini moja. Diski ya zamani usiitupe; iache ndani iwe ghala la pili.

Ghala kwetu lina maana kubwa kuliko kwa mtu wa Ulaya. Yeye akitaka kitu anakichukua mtandaoni kila siku. Sisi tunanunua bando la Airtel au la TNM, tunalitazama linavyoyeyuka. Kwa hiyo kitu kikishaingia nyumbani kinatakiwa kikae. Kuna programu ya bure iitwayo Kiwix inayoweka Wikipedia nzima kwenye diski yako, uisome bila intaneti hata chembe. Ya Kiswahili inaenea kwenye flashi ndogo. Ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 90, na hapo ndipo ile diski kuukuu inapopata kazi. Kijana mmoja mwenye nayo anaweza kuwanakilishia mtaa mzima.

Prosesa iwe ya mwisho kabisa kwenye mawazo yako. Ni ghali, na nyumbani haishughulishwi sana. Jua tu kwamba kila ubao una mipaka yake. Mashini za Intel za kizazi cha pili na cha tatu zina soketi moja, za cha nne zina yake. Kizazi cha sita na cha saba vinafanana kwa umbo na cha nane na cha tisa, lakini mazabodi za kompyuta za mezani hazivipokei vyote. Wengi wameliwa hapo. Kwa msikilizaji wa Lilongwe ambaye mkono wake ni mrefu kidogo na anataka kuunganisha mashini mpya kipande kwa kipande, ningemshauri aangalie ubao wa AMD wenye soketi ya AM4. Ubao wa B450 uliotoka 2018, ukisasishwa programu yake ya ndani, unapokea prosesa za Ryzen 5000 zilizokuja miaka miwili na zaidi baadaye. Chukua prosesa yenye picha ndani yake, kama 5600G, usilazimike kununua kadi ya picha.

Kuna jambo limetokea duniani ambalo litatufikia, na bora tulijue mapema. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu na kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Maofisi mengi ya Ulaya na Marekani yanaziondoa mashini ambazo hazina kasoro nyingine yoyote, nazo zitashuka kwenye masoko yetu. Zitakuwa rahisi. Muuzaji atakwambia ina Windows 11 tayari. Muulize ni kizazi cha ngapi, maana zipo njia za kuilazimisha iingie mahali isipotakiwa, na masasisho yakaja kukwama. Kwenye mashini kama hizo mimi naweka Linux Mint. Ni ya bure, haina leseni ya kuibiwa, inakuja na LibreOffice ya kuandikia barua na kupiga hesabu, na kwa GB 8 na SSD inatembea bila kuhema.

Najua wapo watakaouliza: mkimbizi na kompyuta, wapi na wapi? Hapa Dzaleka swali hilo lilijibiwa zamani. Mwaka 2010 Wajesuiti walianza kutoa elimu ya juu kwa njia ya mtandao humu, na wenzetu wakapata diploma ya Chuo Kikuu cha Regis kilichoko Denver, Marekani, bila kuvuka geti. Remy Gakwaya, mwana wa Burundi aliyekimbilia hapa, alifundisha vijana kuandika programu, mpaka Microsoft ikaunga mkono darasa la AppFactory ndani ya kambi hii hii. Lakini maabara ina foleni na ina saa ya kufungwa. Mwanafunzi ambaye kazi yake inatakiwa ifike usiku wa manane, geti la maabara likishafungwa hana pa kuegemea. Kompyuta ya nyumbani ndiyo inayompa usiku.

Mtaniambia: usiku huo huo magetsi hayapo. Kweli. Hapa laptopu ina haki yake, maana imebeba betri na inakula umeme kidogo. Lakini nyembamba nyingi za siku hizi zimechomelewa RAM na kugundishwa betri. Nikilazimika laptopu, nitatafuta za zamani zilizokuwa nene: ThinkPad T430, au Latitude E6430, zote za 2012. Betri yake inachomoka kwa vidole, RAM ina sloti mbili, diski inatoka kwa skrubu chache. Kwa mezani, UPS ndogo haikupi usiku mzima. Inakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu, na ile nguvu ya umeme unaporudi inaishia kwake kabla haijafika kwako. Hata bila UPS kuna kinga ya bure: magetsi yakikatika, chomoa ukutani. Subiri yarudi, yatulie dakika tano, ndipo uchomeke. Ningelifanya hivyo usiku ule, mashini yangu ingekuwa hai.

Na unapokwenda kununua, nenda na flashi yenye Linux Mint ndani. Mwombe muuzaji kwa heshima akuruhusu kuiwasha nayo. Asiyeficha kitu hatakataa. Hapo utaona prosesa ya kweli, si ya kibandiko. Utaona RAM ni kiasi gani. Na programu yake ya kuangalia diski itakwambia diski imewaka saa ngapi tangu ilipozaliwa na kama ina madoa mabaya. Chomeka flashi hiyo kwenye kila tundu la USB, moja baada ya jingine. Ingia kwenye mipangilio ya ndani ya ubao uhakikishe hakuna nywila ya ofisi ya zamani. Saa ikisoma mwaka wa zamani sana, usiogope: ni betri bapa ya CR2032, ile kama sarafu, na ni rahisi. Angalia pia tundu la monita. Ile 7010 niliyoitaja haina HDMI. Ina VGA ya pini 15 na DisplayPort. Anayekwenda na waya wa HDMI peke yake atarudi kuangalia kioo cheusi.

Nirudi kwa mama yangu jirani. Hakwenda mjini. Kuna familia hapa kambini, mtaa wa Lisungwi, imepata safari ya Canada baada ya kungoja miaka mingi, nayo ilikuwa inauza vitu: magodoro, masufuria, na kompyuta ya kusimama, OptiPlex 7010. Tulikwenda wote, mimi, yeye na mwanawe. Baba wa familia ile aliitoa chini ya chitenje alichokuwa ameifunikia, akaipangusa kwa kiganja kama mtu anayeaga mbuzi wake. Alikuwa mkweli. Alisema, "Mama, siku hizi inagoma kuwaka. Inalia mara mbili, inanyamaza." Ndiyo maana bei ilikuwa ndogo.

Milio miwili kwenye Dell ni kwamba haioni RAM. Niliomba ufutio wa penseli. Nikagusa bati la kasha kwanza ili umeme wa mwilini ushuke, maana msimu huu wa ukavu nguo zinatoa cheche. Nikafungua ubavu. Vumbi letu la wilaya hii ya Dowa lilikuwa limelala mle ndani kama unga kwenye kinu. Sloti nne, kijiti kimoja cha GB 4, tatu wazi. Nikasukuma vibanio, kijiti kikainuka. Meno yake yalikuwa yamefifia. Nikampa yule kijana ufutio, akasugua taratibu upande mmoja, kisha wa pili, mpaka yakang'aa, akapuliza makombo. Akakirudisha, akabonyeza, vibanio vikalia tik, tik. Akachomeka. Kioo kikawaka.

Mama alilipa bei iliyoombwa mwanzo, wala hakupunguza hata kwacha moja. Yule baba alitaka kupunguza mwenyewe, mama akakataa, akasema safari ni ndefu. Zile alizobakiza kwenye fundo zimenunua SSD ya GB 240 juzi, nami nimemwekea Mint.

Kabla sijaondoka aliinama akachungulia ndani ya kasha, akaziona zile sloti tatu. Akaniuliza ni za nini. Nikamwambia kijiti kimoja, faida ya maharage ya miezi miwili; cha pili, tutaona baada ya Krismasi. Akazihesabu kwa kidole bila kuzigusa, moja, mbili, tatu, jinsi alivyozihesabu noti zake asubuhi ile.

Kijana nimemwelekeza namna ya kuongeza mwenyewe siku kijiti kikipatikana: achomoe waya wa ukutani, abonyeze kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki ndani umalizike, aguse bati, ndipo afungue ubavu.